Maabara Iliyokataa Kutupatia Namba Moja: Tathmini ya Huduma ya Upimaji wa Udongo na Usanifu wa Barabara, Arusha

Ninaandika tathmini hii nikiwa katibu wa umoja wa wamiliki wa maghala na yadi za malori ulioko upande wa Kisongo, nje kidogo ya jiji la Arusha. Mimi pia ni fundi sanifu mstaafu wa barabara, jambo ambalo msomaji anapaswa kulijua mapema, kwa sababu limenifanya niwe mteja mgumu kuliko wengi. Huduma ninayoitathmini ni ya maabara ndogo ya udongo yenye ofisi ya usanifu, ambayo tuliiajiri kati ya Agosti 2022 na Septemba 2023 itupimie, itusanifie na itusimamie barabara ya kuingilia kwenye maghala yetu, yenye urefu wa meta 1,600. Jina la maabara nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa nina sifa za kuwapa na nina malalamiko pia.

Hatukuwa wageni wa jambo hili. Miaka michache kabla ya hapo tulimlipa mhandisi mshauri mwingine, ambaye alichimba mashimo mawili, akapeleka udongo maabara, akarudi na karatasi moja iliyosema kwamba CBR ya udongo wetu, yaani kipimo cha uwezo wa udongo kubeba mzigo, ni 11. Tukajenga juu ya hiyo 11. Masika ya kwanza ilipopita, kipande cha meta 300 hivi kwenye bonde kilikuwa kimefumuka, lami imepasuka vipande kama gamba la kobe, na malori yakawa yanapita pembeni kwenye shamba la jirani. Mashimo yale mawili yalichimbwa mahali pakavu palipoinuka, karibu na gari la mtaalamu lilipoegeshwa.

Kwa hiyo nilipokwenda kwenye maabara hii ya pili, swali langu la kwanza lilikuwa lile ambalo mteja yeyote angeuliza: CBR yetu ni ngapi? Kijana aliyenipokea, fundi wa maabara mwenye adabu ya kutosha kuniamkia kabla ya kunikaribisha kiti, alinijibu kwa upole: "Mzee, namba moja siwezi kukupa. Nitakupa namba thelathini na tatu, halafu tukae tuzungumze." Nilidhani anatafuta njia ya kuongeza ankara. Baadaye nilielewa kwamba jibu lile ndilo lililokuwa huduma yenyewe.

Walikuja na DCP, chuma kile chenye koni ya nyuzi 60 na kipenyo cha milimeta 20, ambacho hupigiliwa ardhini kwa nyundo ya kilo 8 inayoangushwa kutoka urefu wa milimeta 575. Kila pigo linapoizamisha koni, kina husomwa na kuandikwa. Kwa fomula inayotumika sana kwetu, ile iliyotoka katika maabara ya utafiti wa usafiri ya Uingereza, koni inayozama milimeta 20 kwa pigo inaashiria CBR ya karibu 13, na inayozama milimeta 40 inaashiria karibu 6. Walipiga kila baada ya meta 50, wakibadilisha kushoto, katikati na kulia, ili wasifuate mstari mmoja wa matairi ya zamani. Vituo vikawa 33. Kisha wakachimba mashimo matano ya kuchukulia sampuli za maabara, na mawili kati ya hayo wakayaweka bondeni bila kuambiwa na mtu.

Matokeo yalikuwa na kichekesho chake. Wastani wa vituo vyote 33 ulikuwa 11 na kidogo, namba ileile ya mhandisi wa kwanza. Hakuwa amekosea wastani, ila wastani ule ulikuwa umeficha barabara mbili ndani ya moja. Vijana wa maabara walichora mchoro ambao kila mteja anapaswa kuudai: wanachukua kipimo cha kila kituo, wanakiondoa wastani wa jumla, kisha wanajumlisha tofauti hizo hatua kwa hatua kuanzia mwanzo wa barabara hadi mwisho. Mahali ambapo mstari wa mchoro unageuka kutoka kupanda kwenda kushuka ndipo udongo ulipobadilika. Mstari wetu ulipanda kwa meta 1,100 za mwanzo, juu ya majivu ya volkano yaliyochanganyika na moramu, kisha ukaporomoka kwa meta 500 za bondeni, kwenye udongo mweusi wa mbuga. Katika kipande cha kwanza wastani ulikuwa 14, katika cha pili ulikuwa 5.

Hata hizo 14 na 5 hawakuzisanifia, na hapa ndipo nilipoanza kuwaheshimu. Ukisanifu kwa wastani, maana yake umekubali kwamba nusu ya barabara yako itakaa juu ya udongo dhaifu kuliko uliouhesabu. Mwongozo wa Wizara ya Ujenzi wa usanifu wa matabaka na vifaa vya barabara, wa mwaka 1999, unataka itumike thamani ambayo asilimia 90 ya vipimo vya kipande husika vinaifikia au kuipita. Kwa kipande cha kwanza thamani hiyo ilikuwa 8, na kwa cha pili ilikuwa 3. Kwa lugha ya mwongozo, kipande cha kwanza kikaangukia daraja la S7 na cha pili daraja la S3, na udongo wa S3 hudai matabaka mengi zaidi ya kuboresha ardhi kabla hata msingi wa barabara haujawekwa. Meta 500 zile zikawa ghali, lakini meta 1,100 hazikulazimika kulipia dhambi za bonde.

Namba hizo za bondeni hazikupatikana Agosti. Mwezi Agosti ardhi ya Kisongo ni kavu, na koni kule bondeni ilikuwa ikizama milimeta 30 hadi 40 kwa pigo, kiasi kwamba mtu angeweza kujidanganya kuwa ana CBR ya 6 hadi 8. Maabara ilitupa ripoti ya awali mwezi Septemba lakini ikakataa kutia saini ripoti ya mwisho mpaka wapime tena masika. Kamati yetu ilinung'unika sana. Mwenyekiti wetu, mama mwenye maghala ya mahindi na asiyependa kusubiri, aliniuliza kama nimewaleta wapimaji au wapiga ramli. Mwezi Aprili 2023 walirudi wakiwa na buti za mpira, wakapima vituo kumi vya bondeni, na koni ikazama milimeta 60 hadi 70 kwa pigo mahali pabaya zaidi. Udongo uleule, mahali palepale, ulikuwa umepoteza karibu nusu ya nguvu zake. Sampuli zilizolowekwa siku nne maabara zilikuwa zimeonyesha jambo hilohilo tangu mwanzo, lakini ilikuwa vigumu kuishawishi kamati kwa bakuli la udongo uliolowekwa. Koni iliyozama mbele ya macho yao iliwashawishi kwa nusu saa.

Kuhusu udongo wa mbuga, walitueleza pia jambo ambalo CBR hailisemi. Udongo huo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na chini ya barabara ya lami sehemu ya katikati hubaki na unyevu mwaka mzima huku kingo zikikauka kila kiangazi. Kingo zinaposinyaa, lami hupasuka kwa mistari mirefu inayofuata ukingo wa barabara, hata kama hakuna lori lililopita. Ushauri wao ulikuwa kupanua mabega, kuyawekea lami nayo, na kuisogeza mitaro mbali na ukingo. Tulifuata yote isipokuwa la mitaro upande mmoja, kwa kuwa jirani hakutoa ardhi.

Sasa nije kwenye sehemu ya ripoti iliyonifurahisha na kuniudhi kwa wakati mmoja, yaani hesabu ya uhakika. Baada ya kusanifu kwa mwongozo wetu wa 1999, walihakiki kwa njia ya Marekani ya mwaka 1993, iliyotolewa na AASHTO, chama cha mamlaka za barabara za majimbo ya huko. Njia hiyo haimruhusu msanifu kuficha shaka zake mfukoni. Inamlazimisha kutaja kiwango cha uhakika anachotaka na kiasi cha mtawanyiko wa makosa yake yote kwa pamoja, kisha vitu hivyo viwili vinaongeza idadi ya mizigo ambayo barabara inasanifiwa. Kwa lami, mtawanyiko unaopendekezwa ni kati ya 0.40 na 0.50, na wao walichukua 0.45. Ripoti ilionyesha maana yake kwa namna ambayo hata mfanyabiashara wa mahindi aliielewa. Ukiridhika na uhakika wa asilimia 50, unasanifu kwa idadi ileile ya mizigo uliyokadiria. Ukitaka asilimia 75, unasanifu kwa mara 2 ya makadirio. Asilimia 90 ni karibu mara 3.8, asilimia 95 ni mara 5.5, na asilimia 99 ni mara 11.

Mwenyekiti aliposikia hivyo alitaka asilimia 99, kwa hoja kwamba hakuna mzazi anayempongeza mtoto kwa kupata 75. Ilibidi nimweleze kwamba hizi si alama za mtihani. Kuna mengi ya kufanyia fedha zaidi ya kulipia ile asilimia ya mwisho, na mwongozo wenyewe wa Marekani hupendekeza asilimia 50 hadi 80 kwa barabara ndogo za mitaa, huku viwango vya juu kabisa vikiachiwa barabara kuu ambazo kuzifunga kwa matengenezo huumiza watu wengi. Jambo lililomtuliza ni kwamba unene wa barabara hauongezeki kwa kasi ya mizigo: katika hesabu yetu, kutoka asilimia 50 kwenda asilimia 90 kuliongeza uimara uliotakiwa wa matabaka kwa karibu sehemu ya tano tu. Maabara ilitupa bei ya ujenzi kwa kila kiwango, 75, 90 na 95, zikiwa zimepangwa bega kwa bega, nasi tukachagua 90 kwa bonde na 75 kwa kipande kilichobaki. Sijawahi katika miaka yangu ya kazi kumwona mteja akipewa nafasi ya kuchagua kiasi cha shaka anachotaka kuishi nacho na kuambiwa bei yake. Kwa hilo peke yake ningewapa nyota tano.

Nyota moja ninaiondoa kwa kosa la hesabu lililofuata, ambalo mteja asiye fundi asingeliona. Katika uhakiki huo wa AASHTO walitumia thamani ya chini ya udongo, ile inayopitwa na asilimia 90 ya vipimo, na juu yake wakaongeza uhakika wa asilimia 90. Huko ni kuihesabu shaka mara mbili. Njia ya Marekani inataka uingize thamani za wastani, kwa sababu mtawanyiko wa udongo tayari umo ndani ya ile 0.45, ilhali njia ya mwongozo wetu inataka thamani ya chini, kwa sababu majedwali yake hayakuulizi tena kuhusu uhakika. Kila njia ina mlango wake wa kuingizia tahadhari, na anayepita milango yote miwili anajenga unene ambao hakuna aliyeuamua. Nilipowaonyesha, mhandisi wao alinyamaza kidogo, akafungua kompyuta, akarekebisha mbele yangu na kunishukuru. Ninampongeza kwa kutobishana, lakini ripoti ilikuwa imeshapitiwa na watu wawili na kugongwa muhuri.

Ningependa pia waseme waziwazi chimbuko la 0.45 ile. Asili ya njia hiyo ni jaribio la barabara la AASHO (jina la zamani la AASHTO) lililofanyika Ottawa, Illinois, kuanzia 1958 hadi 1960, mahali penye aina moja ya udongo, majira ya baridi yanayogandisha ardhi, na malori yaliyoendeshwa na wanajeshi yakizunguka kwenye vitanzi kwa miaka miwili. Hakuna ubaya kuitumia namba hiyo Arusha iwapo hakuna bora kuliko hiyo. Ubaya ni kuiandika kwenye ripoti kana kwamba ilipimwa Kisongo, tena katika ripoti ileile inayojisifu kwa vipimo 33 vya udongo.

Lalamiko langu kubwa, hata hivyo, ni la malori. Maabara hii iliupima udongo kwa uangalifu wa sonara, kisha ikaichukua mizigo kwa uzembe wa mtu anayehesabu mbuzi kwa mbali. Walimweka kijana mmoja mlangoni Jumatatu hadi Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, akahesabu wastani wa malori 62 yenye mzigo kwa siku. Tipa zetu za mchanga hutoka saa kumi alfajiri, na siku yenye shughuli nyingi kuliko zote ni Jumamosi. Kisha, badala ya kuyapima uzito, walichukua kiwango cha uharibifu kutoka kwenye jedwali la barabara kuu, kana kwamba malori yetu hupita kwenye mizani. Lori linalochukua mchanga na kuushusha kilomita kumi na mbili mbele halikutani na mizani yoyote maishani mwake.

Kwa nini nakazania hili? Kwa sababu uharibifu wa barabara haukui sawa na uzito. Kwetu huhesabiwa kwa kuugawa uzito wa ekseli kwa kilo 8,160, ambao ndio uzito wa ekseli sanifu, kisha jibu likapandishwa kwa kipeo cha 4.5. Ekseli moja yenye matairi manne inaruhusiwa tani 10 chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, na ekseli hiyo halali tayari inaharibu mara 2.5 ya ekseli sanifu. Iongezee tani mbili tu, ifike 12, uharibifu unakuwa mara 5.7. Kosa la asilimia 20 kwenye uzito limegeuka kosa la asilimia 127 kwenye uharibifu, na barabara iliyosanifiwa kuishi miaka 15 inakufa kabla ya kufikisha saba. Kosa la namna hiyo halizibwi kwa kupiga koni kila meta 25 badala ya kila meta 50. Anayetaka kupunguza shaka kwa fedha kidogo aanze pale ambapo kosa dogo huzaa hasara kubwa, na mahali hapo ni kwenye ekseli.

Nilidai walete mizani ya kubebeka. Waliileta kwa malipo ya ziada, wakapima siku tatu ikiwemo Jumamosi, kuanzia alfajiri. Idadi ya malori yenye mzigo ilipanda hadi 85 kwa siku, na lori moja la ekseli mbili, ambalo mwenye nalo ni mjumbe wa kamati yetu na kwa hiyo sitasema zaidi, lilikutwa na tani 12 kamili nyuma. Makadirio ya mizigo ya miaka 15 yalihama kutoka daraja la chini ya ekseli sanifu milioni 1 kwenda daraja la kati ya milioni 1 na milioni 3. Jambo jingine lililojitokeza ni kwamba malori karibu yote huingia matupu na kutoka yakiwa yamejaa, kwa hiyo upande wa kutokea ulikuwa ukibeba karibu mzigo wote huku ripoti ya awali ikigawa nusu kwa nusu. Usanifu ulibadilika. Ni vipimo ambavyo maabara ilipaswa kuvipendekeza yenyewe siku ya kwanza, kwa bei iliyo wazi, pamoja na vile vya udongo.

Usimamizi wa ujenzi, Julai hadi Septemba 2023, ulikuwa mzuri bila kuwa wa kupigiwa mfano. Kijana yule wa koni ndiye aliyekaa na mkandarasi, akipima ushindiliaji kwa kuchimba kishimo na kukijaza mchanga unaojulikana uzito, na kupima unene kila tabaka lilipokamilika. Tabaka lililochorwa milimeta 150 lilikutwa kati ya 120 na 175. Kwa mujibu wa mkataba mahali pa 120 palirudiwa, ingawa mkandarasi alisema kwa sauti kubwa kwamba wastani ulikuwa 150 na kwamba wastani ndio unaohesabika. Kijana alimjibu kwamba lori halipiti kwenye wastani.

Kuhusu mambo ya ofisi nitasema kwa ufupi. Jumla ya malipo ilikuwa shilingi milioni 7.4 bila kodi na bila ile mizani, na risiti ya EFD ilitolewa bila kuombwa. Ripoti ya mwisho iliahidiwa mwisho wa Mei 2023 ikaja wiki ya mwisho ya Juni, jambo ambalo nusura litupotezee kiangazi cha kujengea. Ripoti nzima, kurasa 64, iliandikwa kwa Kiingereza, na katika kamati ya watu tisa tuliokuwa tunalipa ni wawili tu walioweza kuisoma kwa raha. Muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili ulipatikana baada ya kuufuata mara tatu, na ulikuwa mzuri kiasi kwamba nilishangaa kwa nini hawakuanza nao. Simu hupokelewa. Maegesho ya ofisini ni ya shida.

Tangu hapo barabara imepita mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023, masika ya 2024 na masika ya 2025. Mwezi Juni 2025 nilichukua rula ya chuma ya meta mbili na kupima mwenyewe kina cha mifereji ya matairi kila meta 50. Sehemu nyingi zilikuwa na milimeta 3 hadi 7, ambazo kwa barabara ya umri huo si tatizo. Kwenye meta ya 1,300 nilikuta milimeta 16, na milimeta 20 ndiyo kawaida huchukuliwa kuwa dalili ya barabara iliyochoka. Nilidhani bonde limetushinda tena, lakini nilipotembea pembeni nilikuta kalavati limezibwa kwa tope na mifuko, na maji yamesimama upande ule ambao jirani hakutoa ardhi ya mtaro. Nilirudi kwenye ripoti kutafuta walichosema kuhusu maji. Nilikuta mstari mmoja tu: mgawo wa upitishaji maji, yaani namba inayopunguza au kuongeza nguvu ya matabaka kulingana na yanavyotoa maji, umechukuliwa kuwa 1.0. Katika njia ile mgawo huo unaweza kuwa chini ya nusu ya hapo ikiwa msingi unakaa umelowa muda mrefu, na hakuna mahali waliposema nini kitatokea iwapo kalavati halitazibuliwa. Kuzibua ni wajibu wetu, na hilo tunalikubali. Ila shaka iliyohusu uzembe wa mteja nayo ilistahili kuwekewa bei, bega kwa bega na zile asilimia 75, 90 na 95.

Watu huniuliza kama basi usanifu ulikuwa sahihi, kwa kuwa barabara bado ipo. Jibu langu huwachosha. Miaka miwili ni michache mno, na hata ikifika kumi na tano, barabara moja haiwezi kuthibitisha asilimia 90. Uhakika wa namna hiyo unazungumzia barabara kumi kama yetu, tisa zikifika umri wake na moja ikiwahi kufa, na hakuna anayejua mapema ni ipi. Ninachoweza kukithibitisha ni kwamba safari hii tulijua tulichokinunua. Huduma ya kwanza ilituuzia 11. Hii ilituuzia 8 na 3, ikatuonyesha kwa nini, na ikatuachia kalamu tuchague.

Nimewapa nyota tatu na nusu. Nyota ya nne itategemea Julai ijayo, msimu wa mahindi, ambapo tumekubaliana warudi na mizani kwa wiki nzima, kuanzia saa kumi alfajiri, na mwenye lori la tani 12 ameshaarifiwa kwa barua.